Jina chini ya kiatu

"Kaka, umelikanyaga jina la mtu."

Nikaurudisha mguu. Ilikuwa asubuhi ya Novemba 2012, mbele ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Hamburg, nami nilikuwa nawahi darasa. Aliyenizindua ni dada mmoja wa Pemba aliyenitangulia pale chuoni. Kati ya mawe ya njia palikuwa na kibamba cha shaba, upana kama kiganja: Hedwig Klein, kazaliwa 1911, kauawa Auschwitz, ile kambi ya mauaji ya Wanazi.

"Humjui? Na kamusi yake unatembea nayo kila siku!"

Begani nilibeba kamusi ya Kiarabu ya Hans Wehr. Nilikuwa nayo tangu skuli, Unguja. Bila hiyo nisingemaliza hata ukurasa mmoja wa vitabu vya Babu.

Tukakaa kwenye ngazi. Darasa likanipita.

Klein alikuwa Myahudi, kakulia Hamburg, kasoma Kiarabu na lugha nyingine za Kisemiti humo humo. Mwaka 1937 aliwasilisha tasnifu, walimu wakaisifu sana, lakini shahada akanyimwa kwa Uyahudi wake. Agosti 1939 akapanda meli ya kwenda Bombay. Ilipofika Antwerp ikaamriwa irudi Hamburg, vita vimeshakaribia. Sijui mtu anashukaje ngazi za meli kama ile.

Baadaye mwalimu wake, Arthur Schaade, akamtafutia kazi kwa Wehr: kusoma vitabu vipya vya Kiarabu na kunakili maneno na maana zake kwenye vikaratasi, kimoja kimoja. Dola ya Nazi yenyewe ilikuwa inaitaka kamusi hiyo. Tarehe 11 Julai 1942 akasafirishwa Auschwitz. Kamusi ilitoka 1952, na katika dibaji Wehr akamshukuru Dk. H. Klein bila kusema yaliyomfika. Udaktari wenyewe alipewa 1947, marehemu.

"Tasnifu ilihusu nini?"

"Sehemu ya *Kashf al-Ghumma*."

Nikanyamaza. Kitabu hicho, historia ya watu wa Oman, kilikaa juu kabisa kwenye rafu ya Babu, na sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa kabla ya kunawa. Binti wa Hamburg alikisoma herufi kwa herufi, na ni yeye huyo aliyenikusanyia maneno ya kukisomea.

Jioni nikampigia Babu nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Binti wa nani?" akauliza.

"Baba yake aliuawa Vita vya Kwanza, Babu, yeye akiwa mdogo."

"Inna lillahi." Akakohoa kidogo. "Nitajie jina lake polepole, nichukue kalamu."

Nikamtajia herufi moja moja, naye akinirudishia kila moja kwa Kiarabu: he, dal, waw.