Boti ilizima katikati ya maji na gesi ipo: nilivyotatua baridi ya tangi la haidrojeni

Nianze na lililonitesa zaidi maana mengine kwenye huu mfumo wa boti ya haidrojeni yalikua na dawa zake. Boti ilinizimikia katikati ya maji na gesi ipo. Na sio gesi kidogo, matangi yalikua zaidi ya nusu, nilihakikisha kabla sijang'oa nanga, ila kama dakika 40 baadae mita ya volti ikaanza kushuka, 29, 27, 25, ilipogusa 24 kontrola ikakata yenyewe kuziokoa seli za fueli seli, yani kile kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme wa boti. Nikainama kugusa tangi, limeloa umande mwili mzima, la baridi kama limetolewa kwenye friji sasa hivi.

Kwanza mjue haidrojeni ilifikaje kwangu. Hapa kisiwani umeme wetu ni sola na betri, jenereta ya dizeli ni ya dharura tu, na siku ya jua kali betri zinajaa saa tano asubuhi, kuanzia hapo umeme wote unamwagika bure mpaka jioni. Nikaweka elektrolaiza ndogo, yani kifaa cha kupasua maji kwa umeme yatoe haidrojeni, ifanye kazi wakati huo, gesi inakaa kwenye tangi la lita 1000 kwa presha ya bar 30, hiyo ni kilo mbili na nusu hivi. Niseme ukweli, kwa hesabu ya umeme hasara ni kubwa: kilo moja ya haidrojeni inakula uniti 50 mpaka 55 kuitengeneza, ukiipitisha kwenye fueli seli unapata kama 16 tu. Kwa usiku mmoja betri inashinda mbali sana. Lakini kwa wiki mbili za mawingu huwezi kununua betri za kutosha, na gesi iliyofungwa vizuri inakusubiri. Wanorwe walishaonyesha njia pale kisiwa cha Utsira 2004, upepo na haidrojeni wakawasha nyumba 10.

Sa gesi ikianza kubaki nikasema kwanini boti iendelee kunywa petroli.

Kwenye boti sikutaka presha kubwa, nikachukua matangi ya haidraidi, yani ndani kuna unga wa aloi (mchanganyiko wa metali) ya lantanamu na nikeli unaonyonya haidrojeni kama sifongo inavyonyonya maji, presha yake ndogo tu. Ubaya ni uzito, gesi inayokaa humo ni kama asilimia 1.4 tu ya uzito wa unga, kwahiyo gramu 500 zangu za haidrojeni zinabebwa na mzigo wa unga pamoja na matangi yenyewe wa kilo zaidi ya 50. Mwenye gari atalia, mi nikaushusha chini karibu na mkuku ukawa farumi, boti ikatulia kwenye mawimbi kuliko zamani. Nyambizi za Kijerumani za aina ya 212A nazo zinabeba haidrojeni yao kwenye haidraidi.

Kilichonizimia ni hiki: unga ukinyonya gesi unatoa joto, ukiiachia unakula joto. Ukikosa joto unapoa, ukipoa presha inashuka, presha ikishuka fueli seli inakufa njaa na chakula kipo mezani. Nikakaa na karatasi nikapiga hesabu. Fueli seli yangu ya kilowati 1 inatumia kama gramu 60 kwa saa, kuzitoa gramu hizo kwenye unga kunataka joto la kama wati 250 muda wote. Halafu fueli seli yenyewe inatupa joto la karibu kilowati nzima nyuma, nje, kwenye upepo! Yani dawa ilikua nusu mita kutoka kwa mgonjwa.

Jaribio la kwanza niliyalaza matangi kwenye beseni la maji ya bahari, presha ikasimama vizuri kabisa, lakini boti ikiruka wimbi maji yanarukia upande feni ya fueli seli inakovuta hewa, na chumvi ni sumu kwa platinamu ya kwenye seli. Nikaacha siku hiyo hiyo. (Beseni bado nalitumia nikiwa nimefunga gatini najaza gesi, maana wakati wa kujaza tangi linachemka na lisipopozwa halijai.)

Jaribio la pili ndo lilokaa: boksi la plaiwudi kuzunguka matangi, hewa ya moto ya fueli seli inaingia upande mmoja inatokea wa pili. Hapa naomba mnisikilize vizuri, fueli seli kama yangu kila baada ya muda inapuliza haidrojeni kidogo kusafisha maji na uchafu, hiyo pumzi ISIINGIE kwenye boksi kabisa. Haidrojeni inashika moto kuanzia asilimia 4 kwenye hewa mpaka 75, cheche ndogo sana inatosha, na mchana moto wake karibu hauonekani. Mi pumzi hiyo nimeitolea mpira wake peke yake unaopanda juu ya paa la boti ukiangalia angani, na boksi nalo lina matundu ya juu. Mvuke wa petroli unazama unakaa kwenye ngama unakusubiri, haidrojeni inakimbilia juu, kwahiyo ukiiachia njia inaondoka, ukiizibia darini umejitegea.

Maungio yote nilipaka povu la sabuni moja moja, mawili yalitoa mapovu, nikayafungua nikayarudia.

Safari iliyofuata nilikaa macho kwenye kipimajoto tu, tangi lilianza nyuzi 27, likashuka 23, likagoma kushuka tena. Saa moja, saa mbili, volti 29 palepale. Chini ya boksi nilitoboa tundu la kutolea maji, maana ile hewa inabeba unyevu ikigusa tangi inageuka matone, nikakinga kikombe. Tulivyoona taa za gati kikombe kilikua kimefika nusu.