Nazi ikishakunwa hairudi

Jana usiku hapa Wete nimekaa na laptop nikaandika "karafuu" nikaipitisha kwenye SHA-256, kanuni ya kompyuta inayogeuza maandishi yoyote kuwa alama ya urefu ule ule iitwayo heshi, zikatoka herufi na tarakimu 64, nikafuta f moja tu basi zikaja 64 nyengine kabisa, hazifanani hata kidogo. Na kurudi nyuma hakuna, ni kama nazi ishakunwa kwenye mbuzi na tui lishakamuliwa, nani atakurejeshea nazi yako nzima?

Migongano yenyewe, yaani maandishi mawili tofauti kutoa heshi moja, lazima iwepo, maana maneno hayana mwisho na heshi zina kikomo, kazi ni kuipata. Ya SHA-1, kanuni ya zamani ya aina hiyo hiyo, ilipatikana 2017, watafiti wa Google na wa CWI, taasisi ya utafiti ya Amsterdam, wakatoa PDF mbili tofauti heshi moja!! Mie niliogopa kweli, mafaili yangu yote nshayahamishia SHA-256.