Choo, kiti na ubao: mtoto mwenye ulemavu akishafika darasani

Jina la mtoto likishaingia kwenye daftari la mahudhurio, wengi huona haki yake imetimia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, unadai zaidi ya hapo. Ibara ya 24 inataka elimu jumuishi katika ngazi zote, na ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho stahiki (mabadiliko yanayofaa ili mtu ashiriki sawa na wengine) kuwa ubaguzi. Kwa kipimo hicho, shule iliyompokea mtoto kisha ikamwacha mwaka mzima haoni ubao imembagua, hata kama walimu wake ni wapole na wanampenda.

Ukitaka kujua shule imejiandaa kiasi gani, usianzie ofisini. Anzia chooni. Madarasa hupakwa rangi na njia ya mteremko hujengwa mbele ya lango ambako wageni wataiona, lakini choo ndicho kinachoamua kama mtoto atamaliza siku nzima shuleni au atarudishwa nyumbani saa nne. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 hadi 90, na ndani ibaki nafasi wazi ya sentimita 150 kwa 150 ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka. Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani mtoto akaanguka nyuma yake, hakuna atakayeweza kuingia kumwokoa. Vyuma vya kushikilia vifungwe kwa kimo cha watoto wa shule hiyo. Mara nyingi fundi hutumia vipimo vya watu wazima, na mtoto wa miaka saba anabaki kuvitazama vikiwa juu yake. Maji na sabuni viwe mahali anapofika akiwa amekaa. Halafu choo chenyewe kisigeuzwe stoo ya mafagio na madawati mabovu. Yaani ndiyo hatima ya vyoo vingi vya aina hii.

Choo kisipotumika, mtoto hujitafutia njia yake: anaacha kunywa maji tangu asubuhi. Matokeo yake ni choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, kichwa kuuma na usingizi darasani, kisha anaambiwa ni mvivu. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huenda anatoa mkojo kwa mrija kila baada ya saa tatu au nne. Huyo anahitaji faragha, maji safi na ruhusa isiyoombwa upya mbele ya darasa zima kila siku.

Njia ya mteremko ina hesabu moja ya kukumbuka: kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, hivyo mteremko wake ni mita 5 na sentimita 40. Fundi akiubana kwenye mita 2, mtoto hawezi kupanda mwenyewe, na anayemsukuma anaweza kuteleza naye. Juu na chini kuwe na eneo tambarare la kupumzikia na kugeukia. Mteremko unaoishia moja kwa moja kwenye mlango unaofunguka kwa nje haupitiki, kwa sababu mtoto hawezi kushikilia magurudumu na kuvuta mlango kwa wakati mmoja.

Sasa kiti. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo wake haumudu misuli vizuri, akiketishwa kwenye benchi ambalo miguu yake inaning'inia, nguvu zake zote huishia kwenye kujizuia asianguke. Hatabakiwa na nguvu ya kuandika. Nyonga, magoti na vifundo vikunjwe kama pembe mraba, nyayo zikanyage kitu kigumu (kipande cha mbao kinatosha), na meza ifike usawa wa viwiko. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili. Kiti cha magurudumu kilichonunuliwa kikubwa kwa hoja kwamba "atakua nacho" humfanya mtoto aegemee upande mmoja. Uti wa mgongo hupinda taratibu, na mabega huchoka kwa kuyafikia magurudumu yaliyo mbali.

Kuna watoto wasiohisi makalio yao. Hao wanapaswa kuinuka au kuinama mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30, na ngozi yao ikaguliwe kila jioni. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta doa lililo jeusi kuliko sehemu nyingine, lenye joto au lililokakamaa. Ukiliona, mtoto asiketi juu ya sehemu hiyo mpaka lipotee, na likiwa bado lipo kesho yake apelekwe kwa mhudumu wa afya. Kidonda cha mgandamizo, yaani kinachotokana na kukalia sehemu moja muda mrefu, kikishafunguka huweza kuchukua miezi kupona.

Kwa mtoto kiziwi au mwenye usikivu hafifu, kosa la kawaida ni mwalimu kusimama na dirisha nyuma yake. Uso unakuwa giza, midomo haisomeki. Kosa la pili ni kuongea huku ameelekea ubao. Shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia, haliondoi kelele. Linakuza sauti ya mwalimu pamoja na ya madawati yanayoburutwa, kwa hiyo umbali wa mita 1 au 2 una faida kuliko kupaza sauti. Anayetumia lugha ya alama anahitaji watu wa kuzungumza naye lugha hiyo, wakiwemo watoto wenzake. Mkalimani mmoja darasani, huku uwanjani hakuna anayejua hata kumsalimu, ni upweke tu.

"Akae mbele" huwa ndilo jibu la haraka kwa kila mwenye uoni hafifu, na mara nyingine ni baya. Mtoto mwenye ualbino akiwekwa mbele kando ya dirisha, mwanga unamziba macho. Mpe nafasi karibu na ubao lakini mbali na jua, kofia yenye ukingo mpana hata ndani ya darasa, na ruhusa ya kusimama akaufuate ubao. Akiinamisha kichwa upande ili asome, usimnyooshe, kwa kuwa huenda hapo ndipo macho yake yanapotulia. Na kwa anayesoma nukta nundu (maandishi ya Braille yanayosomwa kwa vidole), ombeni vitabu mapema sana: kitabu kimoja cha kawaida huwa majuzuu kadhaa mazito. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu nakala za aina hii kuvuka mipaka kati ya nchi wanachama bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na ni walimu wachache wanaoutumia.

Haya yote yaandikwe kwenye ukurasa mmoja: kikwazo, badiliko, mhusika, tarehe. "Mtoto apewe msaada zaidi" haimfungi mtu yeyote. "Mwalimu wa hisabati asome kwa sauti kila anachoandika, na nakala ya maandishi ya pointi 18 imfikie mtoto kabla ya kipindi" inaweza kukaguliwa Ijumaa. Msisubiri jina la ugonjwa kutoka hospitali ndipo mwanze. Mtoto naye aulizwe; ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu inampa haki ya kutoa maoni yake na kusaidiwa kuyatoa. Mara nyingi atasema kitu ambacho watu wazima hawakukifikiria, kwa mfano kwamba mwalimu msaidizi anamganda mno kiasi kwamba wenzake hawamsogelei.

Suala la ulinzi dhidi ya unyanyasaji ndilo linalozungumzwa kwa kunong'ona, na ndiyo maana linaharibika. Mtoto anayevuliwa, kuoshwa na kubebwa na watu wengi tofauti hujifunza kwamba mwili wake uko wazi kwa yeyote. Punguzeni idadi ya wanaomhudumia, waandikwe majina, na kila mmoja amwambie anachotaka kufanya kabla hajamgusa. Kwa asiyezungumza, chukua ubao wa picha anazoonyesha ili kuwasiliana, uutazame. Utakuta maji, chakula, choo, kucheza. Je, kuna "acha"? Kuna "sitaki", "naumia", "nataka kumwambia mtu"? Kuna sehemu za siri? Mtoto hawezi kuripoti jambo ambalo halina picha kwenye ubao wake.

Dalili za unyanyasaji nazo husingiziwa ulemavu. Aliyeanza ghafla kujikojolea, kujipiga, au kukataa gari analopanda kila siku, achunguzwe kama angechunguzwa mtoto mwingine yeyote. Akihojiwa, mkalimani asiwe mzazi, mlezi au mwalimu anayemhudumia, maana huenda ndiye anayetajwa, au ndiye atakayelainisha maneno. Tarehe, saa na maneno au ishara alizotumia ziandikwe vilevile, bila kutafsiriwa kwa lugha ya wakubwa.

Na adhabu: mkanda unaomsaidia kukaa wima ni kifaa, lakini breki iliyofungwa ili asiondoke mezani ni kifungo. Kumnyang'anya kiti chake, fimbo yake, shimesikio au ubao wake wa mawasiliano kwa sababu amekosa adabu kupigwe marufuku kwa maandishi, kwenye kanuni zilezile zinazokataza viboko.