Mgongo ni wa mtoto

Begi la kwanza la vitu vya binti yangu nililetewa zawadi siku ya arobaini yake. Lilikuwa la kuning'iniza begani, rangi ya waridi, na nililipenda mno. Kliniki lilinifaa, harusini lilinipendezesha. Tuliachana siku tulipokwenda kisiwa cha Mbudya.

Tulipandia boti ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam. Unaingia majini mpaka magotini, wimbi likija mpaka mapajani, unashika ukingo wa boti na watu wanakuvuta juu. Binti yangu alikuwa na miezi 7, nimemfunga mbeleko mgongoni. Mkono wa kulia nimemshika kaka yake wa miaka 5, wa kushoto nimekusanya gauni lisilowe. Begi liko begani. Nahodha akaninyooshea mkono, "Njoo mama, taratibu," nikainama, mkanda ukateleza, begi likaingia baharini. Baba yao alilikamata kabla halijazama lakini maji yalishaingia. Pampasi zote 6 zilikunywa maji ya bahari zikavimba kama maandazi. Kilichopona ni uji wa lishe tu, kwa sababu ulikuwa kwenye chupa ya chai yenye kifuniko cha kukaza.

Siku ile binti alishinda na vipande vya khanga. Nilikuwa namvua kimoja, nakisuuza, nakianika juu ya kibanda cha makuti, namfunga kingine. Kisiwa ni kizuri, maji yake yanaonyesha mchanga mpaka chini, samaki wa kukaanga wanaletwa wa moto. Mimi nakumbuka vipande vya khanga.

Wiki iliyofuata nikaenda soko la Karume kutafuta begi la mgongoni, lile linaloshonwa makusudi kwa mama wa mtoto mchanga. Kwa mitumba yapo, tena mazuri, ila yataka subira. Nilivuta kila zipu mara tatu. Niligeuza mikanda nikatazama pale inaposhonewa na begi, maana hapo ndipo panapochanika kwanza. Nilipata la kijivu, mikanda mipana yenye sponji, mdomo wake unafunguka wote kama sanduku hivyo unaona mpaka chini bila kupekua. Upande unaolalia mgongo lina mfuko wa siri wenye zipu. Simu na nauli hukaa humo, na hakuna mkono wa kwenye daladala unaoweza kuvifikia. Muuzaji alianzia 30,000, tukamalizana 18,000.

Nilipofika nalo nyumbani, mama mkwe wangu, mtu wa Korogwe, alilitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mgongo ni wa mtoto. Hilo utaliweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimeliwaza swali lile kuliko jambo jingine lolote kuhusu mabegi. Mabegi haya yalibuniwa kwa mama anayesukuma kigari cha mtoto, mgongo wake uko wazi. Sisi mgongo una mwenyewe. Nilijaribu kumweka mtoto mgongoni na begi kifuani. Barabara tambarare inawezekana, ila huoni miguu yako, na penye ngazi au mawe ni hatari kabisa, msijaribu. Nikajaribu begi mgongoni na mtoto ubavuni kwa khanga. Hiyo ni nzuri kwa mwendo wa nusu saa, zaidi ya hapo kiuno kinalalamika.

Jibu likawa baba yao. Lile la waridi alikuwa analishika mkononi kama la mgeni, akilibadilisha mkono kila baada ya hatua kumi, mwishowe linarudi kwangu. Hili la kijivu alilivaa tu. Nikarefusha mikanda, kisha nikamkazia tena mpaka begi likapanda, maana likining'inia chini ya kiuno linamvuta mtu nyuma. Tangu siku hiyo ni lake. Mimi nina mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nikitoka nyumbani mikono yangu yote miwili ni mitupu. Mmoja wa kaka mtu, mmoja wa kushikia bomba la daladala. Mama mwenye watoto wawili anajua raha ninayoisema.

Mwanzoni tulijaza kila kitu. Siku moja nikapita nalo dukani mtaani, mwenye duka akaliweka kwenye mizani ya mchele: kilo 6 na nusu! Nikalipunguza mpaka kilo 4. Maji ndiyo mzigo mkubwa, lita moja ni kilo moja, kwa hiyo hayo yanakaa juu, yakigusa mgongo. Pampasi ni nyepesi, zinakaa chini. Nahesabu moja kwa kila saa 3 za safari na mbili za akiba. Nguo za kubadilisha ni jozi moja ya mtoto na blauzi moja yangu, maana akitapika hachagui. Uji wa moto nauamini kwenye chupa ya chai peke yake. Ule mfuko wa begi wenye bitana inayong'aa kama fedha hauhifadhi joto kwa muda mrefu kama watu wanavyodhani. Na doti moja ya khanga. Ningeambiwa nichague kitu kimoja nibaki nacho, ningechagua hiyo. Ni mkeka wa kumbadilishia, ni kivuli, ni pazia la kunyonyeshea, ni taulo, na mbeleko ikilowa kuna nyingine.

Halafu pampasi chafu. Hili watu hawalisemi, wakati kwenye matembezi ya porini au baharini ndilo swali kubwa. Zamani ulitia kwenye rambo ukafunga fundo, basi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mimi naiunga mkono, tumeona ilivyokuwa inaziba mitaro. Lakini mifuko mbadala inapitisha unyevu na harufu. Nilimpelekea fundi cherehani koti la mvua lililochanika mkono, akanishonea vifuko viwili vyenye zipu. Pampasi ikishatumika naikunja, inaingia kwenye kifuko, inakaa mfuko wa nje wa begi, inarudi nasi mjini. Jioni nafua kifuko kwa sabuni na kukianika juani. Nimekuta pampasi za watu zimefukiwa mchangani na nyingine zimesukumwa chini ya mizizi ya miti. Zile hazitaoza leo wala watoto wetu wakiwa wakubwa. Tafadhali, rudini nazo.

Mwezi wa sita tuliwapeleka watoto Morogoro kwa treni ya SGR. Safari haikuchukua hata saa mbili tukawa tumeshuka, na kesho yake asubuhi tukaanza kupanda milima ya Uluguru, njia ya kwenda Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani. Hatukudhamiria kufika. Mtoto wa miaka 5 hupanda kadiri ya miguu yake, na tulikubaliana kurudi atakaposema basi.

Njiani tulikutana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na mboga kwenda sokoni. Tenga kichwani, mtoto mgongoni, mikono mitupu, miguu inachagua mawe bila macho kutazama chini. Nilisimama nikawapisha, nikawatazama mpaka walipopotelea kwenye migomba. Swali la mama mkwe walilijibu zamani sana. Mimi nimekulia Temeke, kichwa changu hata ndoo ndogo hakijazoea.

Tulipokuwa juu zaidi ukungu ukashuka na baridi ikaingia. Binti akaanza kulia, si kilio cha njaa. Mama mmoja aliyekuwa anashuka akasimama. "Mtoto umemfunga chini, mama, upepo unampitia." Akatua tenga kwenye jiwe, akaja nyuma yangu, akampandisha binti mpaka kichwa kikawa usawa wa mabega yangu, akaikaza khanga kifuani kwa fundo ambalo sikulijua. Nikamshukuru. Akajitwisha tenga lake, akaendelea na safari.

Binti bado alikuwa anatetemeka. Nikageuka kumwambia baba yake atafute sweta, nikiwa tayari kumwelekeza ni mfuko upi. Alikuwa ameshapiga goti kwenye majani, begi liko wazi mbele yake, na sweta ya njano iko mkononi.