Presha haiishii kwenye namba
Ndugu zangu wa Kigoma, ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando wa seli, tabaka moja tu, unaotoa gesi ya naitriki oksaidi ili mshipa ulegee. Damu ikiusukuma kwa nguvu miaka na miaka, utando unaumia, gesi inapungua, mshipa unakakamaa. Hapo chembe nyeupe za damu huingia ukutani kama vile kuna jeraha. Kemikali zao huleta uvimbe na makovu, na presha huzidi kupanda. Mwaka 2007 watafiti Marekani walionyesha kuwa panya wasio na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, hawapandi sana presha hata wakipewa angiotensini, homoni inayobana mishipa na kupandisha presha. Waliporudishiwa seli T, ambazo ni aina moja ya limfosaiti, ikapanda.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Waloweke, maji yamwage.

Ukipima, keti kimya dakika 5, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda bure. Rudia baada ya dakika 1. Ikifika 140/90 siku mbili tofauti, nenda zahanati. Na vidonge, tafadhali, usiviache eti kwa sababu kichwa hakiumi.