Kete Moja ya Babu

Nilikuwa na miaka 13, na meza yetu ya sataranji ndiyo ya mwisho kumalizika. Watoto wengine walishamaliza, wametuzunguka kimya. Niliyekuwa nacheza naye ni binti wa Wete, Pemba, aliyevuka kwa boti jana yake na wenziwe wa skuli. Ushungi mweupe, hina imebaki kwenye ncha za kucha. Kila akicheza, alikiweka kipande sawasawa katikati ya chumba chake kwa kidole kimoja, ndipo abonyeze saa.

Seti yetu ilipungua askari mmoja mweupe. Mfukoni nilikuwa na kete, komwe niliyoichukua kwenye bao la babu asubuhi ile, na mwamuzi akakubali tuitumie. Mimi nimekulia barazani, penye bao. Sataranji nimeikuta skuli. Mpaka leo naiona michezo hii kama ndugu waliobadilishana nguo: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina vyumba 64 na vipande 32.

Kete ile ndiyo iliyopenya. Vipande vililiwa kimoja kimoja, akabaki na mfalme peke yake, na askari wangu wa komwe akafika mstari wa mwisho akawa malkia. Mfalme wake akakimbilia pembeni hadi kwenye kona kabisa. Nikamleta malkia karibu, umbali wa hatua moja ya farasi. Njia zote nimeziba. Nikabonyeza saa, mkono unatetemeka kwa furaha.

Akauangalia ubao muda mrefu.

"Sina pa kwenda," akasema taratibu, "lakini hujamshambulia mfalme. Sare."

Mwamuzi akainama, akatazama, akaitika kwa kichwa. Nusu pointi kwangu, nusu kwake. Kanuni ile niliijua, nimefundishwa vizuri. Lakini kwenye bao asiye na cha kucheza amefungwa, na siku ile mkono wangu ulicheza bao. Nilijikaza nisilie mbele za watu.

Tulipopeana mikono aliiulizia ile komwe. Nikampa.

Alasiri babu akahesabu kete zake: 63. Nikamsimulia yote.

"Kwani alikuwa na pa kwenda?"

"Hana, babu."

"Basi ushamfunga, mwanangu."

Akaokota kijiwe chini ya baraza, akakipangusa kwa pindo la kanzu, akakitia shimoni.