Siku moja na mfamasia wa wodi ya upasuaji, Mbeya

Saa 12:30 asubuhi. Julai ya Mbeya haibembelezi mtu. Bajaji ya kutoka Uyole, sweta ndani ya koti. Chai nitainywa hukohuko kazini.

Saa 1:30. Orodha ya leo ina mama wa kujifungua kwa upasuaji, mzee wa henia atakayewekewa wavu wa kuziba tundu, na kijana wa kupasuliwa utumbo. Natafuta uzito, hali ya figo na mzio. Faili la mama limeandikwa kwa wino mwekundu: mzio wa penisilini.

"Dada, ulipoitumia ilikuwaje?"

"Niliharisha."

"Vipele? Kuvimba midomo? Kubanwa pumzi?"

"Hapana, tumbo tu."

Hayo ni maudhi ya dawa, si mzio. Nasahihisha faili, nazungumza na daktari wake, na sefazolini gramu 2, antibayotiki ndugu wa penisilini ya kumkinga na maambukizi ya kidonda, inabaki palepale.

Saa 2:45. Antibayotiki ya kinga lazima iwe imeshafika kwenye nyama wakati kisu kinapita. Sefazolini huchomwa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Zamani sindano ilitolewa wodini alfajiri. Ratiba ikisogea, mgonjwa anaingia thieta, chumba cha upasuaji, dawa imeshapungua mwilini. Siku hizi vichupa vinakwenda thieta na mtaalamu wa usingizi ndiye anayechoma. Hata mama wa kujifungua anachomwa kabla ya kukatwa, si kusubiri kitovu cha mtoto kifungwe kama tulivyozoea. Kijana wa utumbo anaongezewa metronidazoli, kwa sababu ya bakteria wa huko chini.

Saa 6:50. Utumbo umekuwa mgumu, bado wako mezani. Napiga simu: zinatimia saa nne nzima tangu dozi ya kwanza, rudieni sefazolini. "Tumeshaivuta kwenye bomba, mfamasia." Safi sana.

Saa 8:00. Wodini. Hapa ndipo penye mabishano, na mimi nayapenda. Mzee wa henia ametoka salama, lakini ameandikiwa seftriaksoni, antibayotiki nyingine, ya siku tano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakataza kuendeleza dawa ya kinga baada ya upasuaji kwisha. Namwendea daktari.

"Dokta, hii tunakinga nini tena?"

"Wewe huyaoni maji ya huko anakorudi?"

Nayaona. Lakini seftriaksoni haisafishi maji. Inawazoesha bakteria dawa tutakayoihitaji mtu akija na homa ya uti wa mgongo. Anacheka, anaikata.

Kazi kubwa inabaki kwa ndugu. Kaka wa mzee huyo, mtu mzima kutoka Rungwe, amekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mgonjwa wetu hachomwi sindano? Au mpaka tulipie?"

Namweleza kwamba sindano yake alishachomwa mlangoni mwa thieta. Kidonda sasa kinataka mikono iliyonawa, bandeji kavu na chakula. Namwonyesha dalili za kumrudisha haraka: usaha, joto, wekundu unaotambaa. Hajaridhika sana. Ananiuliza kama daktari mkubwa anajua. Namwita sista athibitishe.

Saa 9:40. Stoo. Sefazolini imebaki kidogo. Ikiisha, mkono wa kila mtu utakwenda kwenye seftriaksoni, na maneno yangu yote ya mchana yatakuwa bure. Najaza ombi la Bohari ya Dawa leoleo, kisha nampigia mwenzangu wa zamu ya usiku: kijana wa utumbo naye asiongezewe dozi bila kuonwa kwanza na daktari.